Kuishi na 1KZ-TE: matatizo yako juu ya gasketi

Kwa miaka yote niliyokaa na 1KZ-TE, injini ya dizeli ya Toyota, chini ya gasketi ya hedi (kizibo kilicho kati ya bloku na kichwa cha injini, yaani hedi) sijapeleka spana ila kumwaga oili. Krankshafti, beringi, pistoni na ringi bado ni zilezile gari lilikotoka nazo, na halili oili. Fedha zangu na usingizi wangu vimekwenda juu ya gasketi. Mtu akiniuliza kama ni injini ya kuaminika nashindwa kumjibu kwa neno moja, maana naona ni injini mbili zilizofungwa pamoja kwa boliti: ya chini haina haraka ya kufa, ya juu inataka uiangalie kila siku.

Yangu imo kwenye Hilux Surf. Utaikuta pia kwenye Prado, kuanzia zile za KZJ78 hadi za KZJ90 na KZJ95 zilizotoka 1996, na kwenye baadhi ya HiAce. Toyota walianza kuitumia mwaka 1993, wakati magari ya aina hii yalikuwa yameshakuwa mazito mno kwa 2L-TE ya ujazo wa sentimita 2446. Yupo na ndugu yake anayeitwa 1KZ-T, ambaye pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika tupu. Hiyo E ya mwisho ndiyo inayokuambia kwamba kompyuta imeingia kati ya mguu wako na nozeli.

Vipimo vyake si siri. Silinda 4 kwa mstari, kipenyo milimita 96, safari ya pistoni milimita 103, ujazo wote sentimita 2982. Kemshafti moja juu, vali mbili kwa kila silinda. Bloku ni chuma, hedi ni aluminiamu. Turbo ni CT12B. Mgandamizo ni 21.2 kwa 1. Zisizo na interkula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), kama yangu, hutoa nguvu za farasi 130 kwenye mizunguko 3600 kwa dakika, na msokoto wa newtonmita 287 kwenye mizunguko 2000. Zenye interkula hufika farasi 145 na newtonmita 343.

Wengi husoma hapo kwenye farasi, wanakunja uso, wanasema 130 ni chache kwa gari la ukubwa ule. Mimi nilijifunza kusoma mstari wa msokoto. Ukipiga hesabu, farasi 130 kwenye mizunguko 3600 ni sawa na newtonmita 254 hivi. Maana yake kutoka 2000 hadi mwisho wa nguvu, msokoto unashuka kidogo tu. Barabarani unakihisi kitu hicho: gari halikurupuki, lakini ukiliweka gia ya tatu kwenye mlima mrefu na mzigo nyuma linashikilia mwendo wake bila kulalamika, na hakuna haja ya kupeleka mshale wa mizunguko kule juu. Pistoni yenyewe, hata kwenye 3600, inakwenda kwa wastani wa mita 12 na kidogo kwa sekunde, mwendo usioitesa. Bloku ya chuma, mizunguko ya chini, sehemu nene: ndiyo sababu chini hakufi.

Sasa rudi kwenye ile 21.2. Kila silinda ina ujazo wa sentimita 745, na hewa yote ile, pamoja na nyongeza ya turbo, inabanwa hadi kwenye nafasi ya sentimita 37 tu. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo haiko juu ya pistoni. Iko ndani ya hedi, kwenye chumba kidogo cha duara kilichovishwa kipande cha chuma. Nozeli inanyunyiza dizeli humo, moto unawaka humo kwanza, kisha unachomoka kupitia tundu na kuisukuma pistoni. Mpangilio huu una raha zake. Injini inawaka kwa upole, haigongi kama dizeli za kunyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni, na nozeli hazihitaji presha za kutisha. Lakini gharama yake ni kwamba jiko liko ndani ya hedi, na hedi ni aluminiamu. Joto linaloingia kwenye maji ni jingi kuliko la injini isiyo na chumba hicho. Aluminiamu nayo, kwa joto lilelile, hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo hedi na bloku havitanuki pamoja, na gasketi iliyo katikati ndiyo inayosuguliwa.

Halafu kuna yale madaraja membamba kati ya vali ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, na kati ya vali na kile chumba. Maji yakipita hapo vizuri, hakuna tatizo. Yakigeuka mvuke hata kwa muda mfupi, sehemu ile inabaki bila kitu cha kuipoza, na ufa unaanza. Ndiyo maana kila mwenye 1KZ anajua habari ya hedi kupasuka, na ndiyo maana nasema mtu anayeitunza kwa kubadilisha oili tu anatunza nusu isiyo na shida.

Kwangu kilichoniamsha hakikuwa mshale wa joto. Ilikuwa asubuhi ya baridi, napanda mlima na tela lenye mzigo, hita ya ndani imewashwa. Ghafla hewa ya vuguvugu ikageuka baridi. Nikatazama mshale: umetulia palepale ulipo siku zote, chini kidogo ya katikati. Nikasimama hivyohivyo. Hita iko juu, ni miongoni mwa sehemu za kwanza kukosa maji yanapopungua, na hita inayoacha kutoa joto injini ikiwa imeshika moto ni kengele ambayo hakuna aliyeifunga kwa makusudi lakini inafanya kazi. Chini ya gari palikuwa na matone mekundu ya kulanti. Bomba la chuma linalopeleka maji kwenye hita ya nyuma lilikuwa limeliwa na kutu, likatoboka mahali usipoweza kupaona bila kulala chini. Nikaacha injini ipoe kabisa, nikaunganisha mipira ya mbele ili hita ya nyuma irukwe, nikajaza maji, nikarudi polepole.

Kuhusu ule mshale. Geji za dashibodi za magari haya zimetengenezwa zisimsumbue dereva. Mshale unakaa mahali pamoja katika upana mkubwa wa joto, na ukianza kusogea juu, mambo tayari yako mbali. Isitoshe, kihisi chake kinapima maji. Maji yakishuka chini yake kinabaki kinapima hewa na mvuke, na mshale unaweza hata kurudi chini ukakufanya uamini kwamba injini imepoa.

Nilidhani nimeponea hapo. Baada ya muda nikaanza kuona chupa ya akiba ya kulanti inajaa kuliko nilivyoiacha, na rejeta yenyewe inapungua. Nilimpelekea fundi mmoja mtu mzima ambaye amefungua hedi hizi nyingi kuliko anavyokumbuka. Hakutaka hata kuisikia ikiunguruma.

"Mzee, usiniletee ikiwa na moto. Iache hapa ilale."

Asubuhi akaniita, akanishikisha mpira wa juu wa rejeta kabla ya kugusa ufunguo. Mgumu. Injini iliyolala usiku kucha inatakiwa iwe na mpira laini, kwa sababu maji yamesinyaa na presha imekwisha. Presha iliyobaki asubuhi ni gesi ya moto iliyojipenyeza kwenye njia za maji jana yake na kukosa pa kutokea. Akafungua mfuniko taratibu, akawasha, tukatazama shingo ya rejeta. Mapovu madogo, yanapanda kwa mfululizo, na injini bado ni ya baridi.

"Kuna vipimo vya dawa," akasema, "lakini huyu ameshasema mwenyewe."

Hedi ilipofunguliwa tulikuta nyufa mbili. Hapa nilijifunza jambo ambalo limewapotezea watu hedi nzuri: si kila ufa ni kifo. Mikwaruzo midogo ya juujuu kati ya vali huonekana kwenye hedi nyingi za dizeli za zamani, na zinaendelea kufanya kazi miaka. Ufa unaoua ni ule unaofika kwenye njia ya maji, na macho hayawezi kuutofautisha. Tulipeleka hedi kwa mtu mwenye mashine, akaziba njia zote za maji, akaitumbukiza kwenye maji ya moto na kuijaza hewa. Ufa mmoja ulikaa kimya. Wa pili, uliotoka kwenye kiti cha vali kuelekea kwenye chumba cha moto, ukatoa mapovu. Maji ya moto ni ya lazima katika kipimo hiki, kwa sababu ufa mwingine hufunga ukiwa wa baridi na kufunguka aluminiamu inapotanuka.

Kuchomelea niliambiwa inawezekana. Nilikataa, na bado naona ni uamuzi sahihi kwa injini hii. Aluminiamu ya hedi imepewa ugumu wake kwa joto maalumu, na ukiichomelea unalainisha eneo jirani, kisha unalirudisha kwenye jiko lilelile. Nikanunua hedi mpya.

Hedi mpya nayo si ya kutoa kwenye boksi na kufunga. Fundi alipima usawa wa uso wake kwa rula ya chuma, akaangalia vile vipande vya chuma vya vyumba vya moto kama vimekaa sawa na uso wa hedi, maana kikichomoza au kuzama sana kimoja, gasketi haikai. Kisha akapima kwa geji ya saa kila pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Gasketi za injini hii zinakuja kwa unene tofauti, na unene unachaguliwa kwa kipimo hicho. Nimeona watu wakiagiza "gasketi ya 1KZ" kama vile wanaagiza balbu. Ukiweka nyembamba kuliko inavyotakiwa, mgandamizo unapanda na pistoni inaikaribia hedi. Ukiweka nene, mgandamizo unashuka, gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi na kutoa moshi mweupe, na utaanza kununua hita plagi (plagi za kupasha moto vyumba kabla ya kuwasha) wakati zilizopo hazina kosa. Boliti nazo zinakazwa kwa spana ya kipimo, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje.

Kwa maoni yangu, hiyo yote ilikuwa sehemu rahisi ya kazi. Sehemu inayorukwa ni kutafuta kwa nini hedi ilipata joto, na lile bomba la nyuma lilikuwa nusu tu ya jibu. Rejeta ilionekana safi kwa nje. Tulipoitoa, nafasi kati yake na kondensa ya kiyoyozi ilikuwa imejaa vumbi na mbegu za majani zilizoshikana kama zulia, na ndani mirija kadhaa ilikuwa imezibwa na chokaa. Kuizibua tungeweza, lakini rejeta ya zamani iliyozibuliwa sikuiamini mbele ya hedi mpya. Mfuniko wa rejeta nao tukaubadilisha. Kitu kidogo, lakini mfuniko unaoshika presha ya takriban bar 1 ndio unaofanya maji yachemke karibu na nyuzi 120 badala ya 100, na springi yake ikichoka unapoteza akiba hiyo yote bila kuona tone chini. Feni ya mbele inaendeshwa kupitia klachi ya mafuta ya silikoni. Mafuta hayo yakipungua feni inazunguka kwa uvivu, upepo unakuwa mdogo, na wewe unasikia injini imekuwa tulivu na unafurahi.

Kuna ushauri mmoja nilioukataa kwa nguvu: kuitoa thamostati, ile vali ya joto inayoyafungulia maji njia ya kwenda rejeta, "ili maji yatembee." Thamostati ya injini hii ina sahani ya pili kwa chini. Inapofunguka kuelekea rejeta, sahani hiyo inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta. Unakuwa na injini isiyopata joto vizuri kwenye tambarare na inayochemka mlimani.

Baada ya hapo niliweka geji ya pili, na kihisi chake nilikifunga kwa boliti kwenye chuma chenyewe cha hedi, si kwenye maji. Chuma hakidanganyi maji yakiisha. Ina kengele pia. Ndiyo iliyonionyesha gari langu linaishije: kwenye tambarare linakaa kati ya nyuzi 82 na 88, mlimani na mzigo linafika tisini na kitu, na muda wote huo mshale wa dashibodi haujasogea hata unywele. Nilibadilisha pia namna ya kuendesha. Zamani nilikuwa na imani kwamba kubaki gia ya juu na mizunguko ya chini ni kuihurumia injini. Geji ikanionyesha kinyume. Mlimani nikishusha gia na kukaa kwenye mizunguko 2600 hivi, pampu ya maji na feni zinazunguka kwa kasi zaidi, mguu unakanyaga kidogo, na joto linashuka lenyewe. Kukokota gia ya tano kwenye 1500 na mguu sakafuni ndiko kunakopika hedi. Na wale wanaouza vifaa vya kuidanganya kompyuta iongeze dizeli, ninawaelewa, gari linachangamka kweli. Ila kwenye injini isiyo na interkula, kila tone la ziada linawaka kwenye chumba kilekile.

Umeme wake haujanisumbua kama nilivyoogopa. Shida ya pampu ya TE ni uzee zaidi kuliko kompyuta. Dalili yake kuu ni gari kuwaka vizuri likiwa baridi na kugoma likiwa la moto, hasa ukilizima dakika chache na kutaka kuondoka tena. Dizeli ya moto ni nyepesi, inavuja ndani ya pampu iliyochakaa, na kwa mwendo mdogo wa stata presha haifiki ya kufungua nozeli. Mafundi huweka kitambaa chenye maji baridi juu ya pampu. Gari likiwaka baada ya hapo, jibu limepatikana. Kabla ya kukubali habari ya pampu, lakini, angalia kama hewa inaingia kwenye mipira ya kurudishia dizeli kati ya nozeli na kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya chujio. Mpira wa bei ndogo umewahi kuhukumiwa kuwa pampu nzima.

Mkanda wa taimingi una taa yake kwenye dashibodi, inawaka kila kilomita 100,000. Taa hiyo inahesabu kilomita, haijui kama mkanda ulibadilishwa, na inarudishwa sifuri na mtu yeyote mwenye bisibisi. Kwenye gari ulilonunua mkononi mwa mtu, badilisha mkanda na puli yake, uanze hesabu yako. Ukikatika, vali na pistoni zinakutana, na habari ya hedi inaanza upya.

Watu huniambia ningeuza tu na kuchukua 1KD-FTV, iliyokuja mwaka 2000 na kipenyo kilekile cha 96 na safari ileile ya 103. Vali 16, dizeli inanyunyizwa moja kwa moja kwa presha kubwa ya komoni reli (bomba moja la presha linalolisha nozeli zote), nguvu zaidi, unywaji mdogo. Nimeiendesha na ni injini bora kwa kila kipimo cha karatasi. Lakini nozeli zake zinataka dizeli safi na vifaa vya kupimia ambavyo si kila fundi anavyo. Yangu inahitaji maji, na mimi wa kuyaangalia.

Hivi karibuni shemeji yangu alipata Prado yenye injini hii na akaniomba nikaitazame. Tulimpigia muuzaji kumwomba asiiwashe kabla hatujafika. Tulipofika boneti ilikuwa ya moto. "Niliipasha kidogo tu, msisubiri," akasema muuzaji, kwa ukarimu kabisa, na huenda hakuwa na nia mbaya. Nikashika mpira wa rejeta: mgumu, kama inavyotakiwa kuwa injini ikiwa na moto, hivyo hauniambii lolote. Nikachungulia chupa ya akiba: maji matupu, bila rangi. Hilo lilinitosha kuuliza ni lini kulanti ilimwagwa na kwa nini. Tukamwomba turudi kesho yake alfajiri, tukute gari limelala, tufungue mfuniko sisi wenyewe. Akakubali. Tulikubaliana na shemeji kwamba tukikuta mpira laini, shingo ya rejeta isiyo na utando wa mafuta, na hakuna mapovu katika dakika za kwanza, tutajadili bei tukiwa tumeshatoa humo gharama ya rejeta, mfuniko, mipira na mkanda. Tukikuta mgumu, bei itajadiliwa kana kwamba gari halina hedi.